Maadili ya Kompyuta Yalianzia Getini

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Kompyuta na Habari,
Ghorofa ya tatu, mlango unaokwama.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPOKONYWA CHIMBUKO LANGU

Mwili ni mzima, ila moyo umeniuma, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Mimi ni mlinzi wa geti la mbele, yule mnayemwita Kalamu ya Uzi kwa kuwa kalamu ya kitabu cha wageni nimeifunga uzi isiondoke na watu. Juzi niliagizwa kupeleka viti kwenye semina yenu, na kwa kuwa kimoja kilizidi, nikakikalia. Ndipo nikamsikia mtaalamu wenu akisema maadili ya kompyuta yalianza na mwanahesabu mmoja wa wakati wa vita, aliyebuni mitambo ya kulenga ndege, kisha dhamiri ikamsuta, akajiuliza mashine zikianza kuamua mambo binadamu atabaki na nini. Mkapiga makofi. Nami nilipiga, kwa adabu tu.

Mwishoni mkatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao kitabu changu kinaondolewa na vya zamani vinachomwa. Inakuja mashine ya kumpiga mgeni picha ya uso na kumhoji sababu ya kuja mpaka aieleze yote. Mimi nahamishiwa nyuma ya jengo, nikalinde magari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chimbuko si la mwanahesabu. Kitabu changu kina safu tano: jina, atokako, simu, anayemwona, na sababu ya kuja. Kwa miaka kumi na tisa watu wamejaza nne za kwanza bila taabu, wakifika ya tano kalamu inasita, kisha wanaandika “Binafsi”. Anayeomba kazi, Binafsi. Anayekuja kumfumania mumewe, Binafsi. Fundi bomba mwenye bomba begani, Binafsi! Hakuna aliyewafundisha. Haki ya mtu kunyamazia mambo yake ilizaliwa kwenye meza yangu yenye mguu mmoja mfupi, na mkunga ni mimi.

2. Mtaalamu alisema wanafalsafa wamebishana miaka mingi kama kompyuta imeleta maswali mapya kabisa au ni yale ya zamani yaliyobadilisha nguo. Mngeniuliza mimi, tungemaliza kabla ya chai. Dada wa mapokezi alipopewa kompyuta, wiki ya kwanza aliitumia kutafuta umri wa mhasibu mkuu. Zamani alikuwa akimuuliza dereva. Umbea ni ule ule, umepata umeme tu.

3. Alisema pia kwamba habari aliyoitoa mtu kwa kazi moja isitumiwe kwa kazi nyingine. Nusura nisimame nilie. Hiyo ndiyo kanuni yangu tangu siku ya kwanza, kilichoandikwa kitabuni hakitoki kitabuni. Nimesoma humo majina ya kuvunja ndoa za watu, nikafunga kitabu na kutazama barabara.

4. Mashine haina haya. Mgeni akidanganya, mimi hugeuka pembeni ili amalizie vizuri. Hiyo yenu itamkodolea macho. Kuna mama mmoja ambaye mwanawe yuko ghorofa ya pili na hawasemezani. Huja kila Ijumaa, huandika Binafsi, hukaa kwenye benchi langu mpaka kijana atoke kwenda kula, akishamwona anapita salama anaaga na kuondoka. Mashine itamwandika kuwa hakukutana na mtu, na safari ya tatu itamfungia geti. Hilo linaniuma kuliko hayo magari, nasema kweli.

5. Kwa hiyo naomba vitabu visichomwe. Naomba pia niingizwe katika somo lenu, tena kabla ya mwanahesabu, kwa sababu yeye alianza na silaha na mimi nilianza na kalamu. Kuhusu mashine, ianze kama nilivyoanza: miezi mitatu ya majaribio, juani, bila kiti. Na siku ya kufika ijaze kitabu kama mgeni yeyote, mpaka safu ya tano, ituambie imefuata nini hapa. Ikiandika Binafsi, nitaifungulia geti kwa heshima zote.

Wasalimie wajumbe wote, dada wa mapokezi, na mhasibu mkuu, ambaye kwa umri wake anaonekana vizuri sana.

Wako mtiifu, ambaye bado yuko getini,

Mlinzi, Geti la Mbele

N.B. Mke wangu naye anawasalimu. Yeye yumo katika kitabu cha pili, ukurasa wa katikati. Namba yake ya simu niliinakili kiganjani kabla wino haujakauka, nikampigia mchana ule ule, na sasa tuna watoto watatu. Safu ya nne aliandika anamwona mkuu wa masjala wa wakati ule, bwana mmoja mtanashati kupita kiasi. Safu ya tano aliandika Binafsi. Miaka kumi na saba namuuliza alifuata nini kwa yule bwana, na miaka kumi na saba ananiambia nile, chakula kinapoa. Kama ni kweli mashine hiyo humhoji mtu mpaka aeleze yote, iletwe hata kesho asubuhi. Nitamleta mwenyewe, nitamwambia tunakwenda kupiga picha.