Bahari ya Kintinku

Treni ya abiria iliposimama Kintinku, mkagua tiketi alimshusha Damiani kwa heshima zote. Alitanguliza sanduku lake la kioo, polepole, maana lilionekana la thamani. Kisha akamshusha Damiani mwenyewe, kwa kumsukuma, maana yeye hakuonekana hivyo.

Damiani akakung'uta koti lake na kutazama huku na huku, utadhani alikuwa amepanga kushukia hapo hapo tangu azaliwe. Tumbo halikuwa na kitu, mfuko vilevile. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na hapo hapo yakanasa sauti.

"Wenzetu wa kijiji cha pili wamejenga ghala la matofali!" Aliyefoka hivyo ni Mzee Alute, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, mtu mwenye kifua kikubwa na subira ndogo. "Baada ya wiki tano mgeni wa wilaya anakuja kuchagua kijiji cha mfano. Sisi tutamwonyesha nini? Vumbi?"

Wajumbe wa kijiji, waliokaa naye kikao kando ya stesheni, walitazama chini, kwenye hilo vumbi lenyewe.

"Shikamoo mzee," alisema Damiani.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mtaalamu wa bahari."

"Bahari? Huku?"

"Ndiyo maana nimetumwa huku, Ndugu Mwenyekiti. Kule pwani tayari wanayo."

Mzee Alute akalitazama lile sanduku. Lilikuwa la kioo pande zote, urefu wa mkono wa mtu mzima, na ndani mlikuwa na mawe meupe yenye matundu na kifuko cha mchanga. Ukweli ni kwamba Damiani alifagia kwa miaka miwili nyumba ya profesa mmoja wa Kizungu Dar es Salaam, aliyefuga bahari sebuleni. Profesa alirudi kwao, akamwachia kioo. Mawe Damiani aliyaokota kwenye tanuri la chokaa. Na katika kufagia kwake alijifunza mambo machache: kwamba maji lazima yawe na chumvi ya kiasi, kwamba bahari changa hukaa wiki nzima nzima bila samaki mpaka ikomae, na kwamba mtu akisimama mbele ya samaki wa rangi mdomo wake unaachama na akili inatoka humo humo.

"Kijiji cha kwanza cha bara chenye bahari," Damiani alisema taratibu, kama anayesoma risala. "Bahari ya kijamaa. Haina mwenyewe."

Macho ya Mzee Alute yakang'aa. Tayari alijiona amekaa kwenye kiti cha wilaya, kile chenye mto. "Na wewe unataka nini?"

"Shukrani tu, mzee. Hata ikiwa na miguu minne."

Wakaenda zizini kwa mwenyekiti. Mlikuwa na ng'ombe zaidi ya ishirini. Damiani akanyoosha kidole kwa fahali mwekundu mwenye kichwa cheupe na sikio la kushoto lililokatwa ncha. Mzee Alute alimeza mate, akafikiri, kisha akatabasamu. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe angeliona tabasamu lile angeondoka saa ile ile, kwa miguu, mpaka Dodoma. Damiani alikulia stesheni ya Itigi, katikati ya reli na makaa. Ng'ombe alimjua kwenye mchuzi.

"Huyo huyo," alisema Mzee Alute. "Siku bahari ikikamilika unamchukua."

Kuanzia hapo Damiani hakuota kitu kingine. Fahali ataingia treni ya mizigo, Dodoma atamnunua mchinjaji, na yeye Damiani atafungua duka la kinyozi lenye vioo viwili, mbele na nyuma. Hatashushwa tena kwenye treni na mtu.

Bahari ikawekwa barazani kwa mwenyekiti. Chumvi ililetwa na mama mmoja mjane, Dorkas, aliyechota udongo wa mbugani, akauchuja na kuuchemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Alikuja kila siku na kibuyu chake.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo, akachovya kidole kwenye bahari, akaonja. "Bado. Hii bado ni mchuzi wa mgonjwa."

"Unajuaje, mama? Profesa alikuwa na kipimo cha kioo."

"Mimi nina ulimi, mwanangu. Hauvunjiki."

Jioni ng'ombe wakirudi, yule fahali mwenye kichwa cheupe alikuwa akiwaacha wenzake na kwenda moja kwa moja kwa mama Dorkas kulamba viganja vyake. Mama alimkuna shingo na kumwita kwa jina. Damiani aliliona hilo kila siku, akafikiri: anapenda chumvi. Basi. Jamani, mtu anaweza kuwa mjanja na bado asione kitu kilichosimama mbele yake na pembe mbili.

Kisha likaja suala la chakula. Profesa alikuwa akitupia kipande kidogo cha nyama kwenye maji matupu ili bahari ianze kukomaa. Damiani akawatangazia wanakijiji kwamba bahari inakula kuku mmoja kila siku. Wakaleta, maana mwenyekiti aliamuru. Bahari ilipata kipande cha ukubwa wa ukucha, na aliyebaki alienda kwa mtaalamu, pamoja na ugali.

"Mtaalamu, bahari imekula leo?" waliuliza watu wakipita na majembe.

"Imekula. Ila imelalamika. Kuku wa leo alikuwa mkondefu."

Nao wakaenda kutafuta mnene. Kuna watu ukiwaambia mlango una njaa wataulisha, mradi aliyesema kavaa koti.

Wiki ya nne wakafika samaki. Damiani aliwavua wanne kwenye madimbwi ya mbugani, akawazoesha chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mzee Alute aliinama, akatazama, akainuka.

"Ndugu mtaalamu. Hawa ni perege."

"Wanafanana kwa mbali."

"Kwa mbali wapi? Nimesimama hapa!"

"Ndiyo maana. Rudi nyuma kidogo."

Mtu mwenye haya angepiga kelele hapo. Mzee Alute alirudi nyuma hatua mbili, akakodoa, na akakumbuka kile kiti chenye mto. "Mgeni ni mtu wa milimani," alisema kwa sauti ya chini. "Hajui samaki. Lakini wapake mistari."

Mchana, watu wakiwa kwenye shamba la ujamaa, wazalendo hao wawili wakachukua dawa ya zambarau ya zahanati, ile wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni, wakawachora perege mistari mitatu mitatu. Mmoja anashika, mwingine anapaka. Sijui kama ujamaa wa kweli umewahi kufanyika kijijini pale zaidi ya siku hiyo.

Asubuhi ya mgeni, Mzee Alute alimkabidhi Damiani kamba ya fahali na barua ya ruhusa ya kusafirisha mfugo. "Wahi treni ya mizigo. Usionekane hapa mgeni akifika, akaja kukuuliza maswali."

Damiani akaenda stesheni anapiga mluzi, fahali nyuma, vioo viwili kichwani. Mkuu wa stesheni akaifungua barua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Haina sahihi. Haina mhuri. Hii ni karatasi tu yenye mwandiko mzuri."

"Mwenyekiti amesahau," alisema Damiani.

"Damiani mwanangu," sauti ikatoka nyuma yake, "unampeleka wapi fahali wangu?"

Mama Dorkas alikuwa ameketi na wenzake kando ya vikapu vyao vya chumvi, kama kila siku ya treni. Fahali akamwendea akamlamba viganja.

"Wako? Mama, huyu wa Mwenyekiti! Nimemchukua zizini kwake!"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo.

"Kwani kulala kwake ndiyo kuwa wake?" alisema mama Dorkas. "Zizi lile lina ng'ombe wa nusu ya kijiji. Tumewaweka kwake awachunge, yeye apate maziwa na samadi. Marehemu mume wangu alimweka huyu akiwa ndama. Tazama sikio. Mkato huo ni wa ukoo wetu, mtoto mdogo anaujua. Jana Mwenyekiti aliniambia fahali wangu anaumwa, atafungiwa siku mbili. Jioni ya leo angekuja analia: mama, mtu wa koti ametuibia!"

Damiani akaitazama ile barua isiyo na sahihi, na kidogo kidogo ikamwingia. "Lakini huo ni wizi!" alisema, na machozi yakamlenga. Yalikuwa ya kweli. "Mtu mzima, mwenyekiti, anamdanganya mgeni!"

"Pole," alisema mama Dorkas, akamshika ukosi wa koti. "Twende ukamwambie mbele ya mgeni mwenzako."

Walifika barazani hotuba ikiwa katikati. Mgeni wa wilaya, shati jeupe limenyooshwa kama karatasi, alikuwa ameinamia kioo.

"Ndugu Mwenyekiti, hawa wa zambarau wanaishi bahari gani?"

"Bahari ya ndani kabisa, Ndugu," alisema Mzee Alute. Akainua macho na kumwona Damiani, fahali na mama Dorkas wakija kwa pamoja. Kifua kikashuka chote.

Fahali, aliyelelewa kwa chumvi ya mama Dorkas, alinusa. Akakata kamba mkononi mwa Damiani, akawapita wajumbe, akatia kichwa cheupe kwenye bahari ya kijamaa na kuanza kunywa. Alikunywa kama treni ya makaa. Maji yakashuka mpaka mawe ya chokaa yakabaki yamekodoa, na perege wanne wakirukaruka juu yake. Akawalamba na wao, mmoja mmoja, kwa utulivu.

Kisha akainua kichwa. Ulimi ulikuwa wa zambarau kama wa mtoto aliyetoka zahanati. Akaupitisha mara moja, polepole, kwenye shati jeupe la mgeni, kifuani.

Mhuri ambao Mzee Alute alikataa kuugonga kwenye barua ukawa umegongwa.

Mwezi ule ule kijiji kilichagua mwenyekiti mwingine, na ng'ombe wote wakaondolewa zizini kwa Alute, kila mmoja na mkato wake wa sikio. Kilichobaki ndani kilikuwa chake kweli: mbuzi mmoja, kilema. Kioo alikichukua mama Dorkas, anaanikia chumvi. Na Damiani, ambaye kijiji kilimpa nafasi ya kuwalipa kuku wao kwa mgongo wake, alibeba udongo wa mbugani kiangazi kizima, koti limetundikwa mtini.

Hakuna aliyempitia na jembe begani bila kusimama kidogo.

"Mtaalamu! Bahari imekula leo?"