Mkasi, Sheria na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Februari

Joto la Barranquilla limezidi. Hata ule upepo wa alasiri umegoma. Habari kubwa pale kinyozini ninapofanya kazi: Don Argemiro, mwenye duka, anahamia Valledupar kwa binti yake. Anatafuta mtu wa kumwachia duka, pamoja na kiti chake cha dirishani. Ni mimi au Wilfran. Wilfran! Mtu anayenyoa huku akipiga miluzi! Ila mzee kasema hataki kinyozi wa nusu siku. Jibu analitaka Jumamosi.

Shida ni chuo, kinachonila nusu ya siku. Umebaki muhula mmoja tu nimalize sheria. Mama anauza soseji pale kona, na hakuna mteja anayeondoka bila kusimuliwa habari za "mwanangu wakili". Nikiacha chuo, nitamuua. Nikiacha mkasi, nitakufa mimi.

Kuamua ni kazi ya kuchosha. Nimepata njia nyepesi: chuo chenyewe kinifukuze. Lawama zitakuwa zao.

Jumanne, 4 Februari

Mtihani wa ana kwa ana kwa Profesa Ospino, mama ambaye tangu nimjue sijaona meno yake. Nilikwenda nimekusudia kufeli, na kufeli vibaya.

Akaniuliza mpangaji afanye nini ikiwa mwenye nyumba hataki kuziba paa linalovuja. Nikamjibu: amkaribishe siku ya mvua, amlaze kitandani chini ya tundu, afunge mlango kwa nje. Kisha Profesa akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema hilo ni kosa la jinai, hebu nimweleze kwa nini, na mpangaji ana njia gani iliyo halali.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisahau kwamba nafeli. Nikaeleza! Tena kwa raha, mikono hewani, mpaka akaniomba nipumzike.

Nimefaulu. Balaa gani hili?

Alhamisi, 6 Februari

Njia mpya: waamue watu wazima. Nikamwambia Mama kwamba Don Argemiro anaomba kumwona. Nikamwambia Don Argemiro kwamba Mama anaomba kumwona. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: watabishana, mmoja atashinda, nami nitatii kwa huzuni.

Wakajifungia chumba cha nyuma. Wilfran akanikuta nimebandika sikio mlangoni. Akauliza kama hilo ndilo somo la kwanza la mawakili. Huko ndani sauti zilipanda, zikashuka, halafu kicheko. Mama! Kicheko kile sijakisikia tangu Baba afariki. Nilisahau hata kilichonipeleka pale mlangoni.

Walipotoka nikauliza wameamua nini.

"Kuhusu nini?" Mama akasema.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya jibu. Don Argemiro kaja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Katangaza mbele ya wateja wote: haendi tena Valledupar. Binti yake atakuja yeye, wakati wa kanivali. Na leo duka linafungwa mapema kwa sababu ana mtu wa kwenda kucheza naye ngoma ya kumbia.

Mtu mwenyewe ni Mama yangu.

Kiti cha dirishani kimebaki na mwenyewe. Wilfran akanivuta pembeni, macho yamemtoka. "Yaani umemleta mama yako aje kuninyima kiti?"

Nikamwapia kwamba hata mimi nimenyimwa. Hakuamini. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza naanza kuamini.

Jumapili, 9 Februari

Mama kaamka miguu imevimba, anaimba. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwaga yote: chuo, mkasi, mtihani niliotaka kufeli. Nikasubiri machozi.

Hayakuja. Aliendelea kugeuza mikate ya arepa kwenye kikaango. Akasema habari za wakili anazisimulia kwa sababu wateja wanapenda kusimuliwa kitu wakati soseji zinaiva. Ningekuwa kinyozi, wangesimuliwa kinyozi. Kisha akazima moto, akanigeukia.

"Wewe mwenyewe, Yesid. Unataka nini?"

Hilo swali sikuwa nimejiandaa nalo. Jibu nilikuwa nalo, nadhani. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikasema, "Chochote utakachosema wewe, Mama."

Akaniwekea arepa kwenye sahani, kwa upole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Akasema kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha, na yeye hatanisemea neno.

Jumatatu, 10 Februari

Ofisi ya chuo. Nilisimama kando ya foleni asubuhi nzima, nikiamua. Mara namwona nani? Wilfran, na nywele za wateja bado mabegani!

Nikamuuliza amepotea njia au vipi. Hapana, anaanza sheria, masomo ya jioni. Mchana kutwa atanyoa kama kawaida. Alimwomba Don Argemiro jana, na mzee kakubali palepale.

"Kwani wewe hukumwomba?" akauliza. Wala hakuwa ananicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikapenya kwenye foleni, mbele yake. Watu wakapiga kelele. Sikujali! Nimejiandikisha muhula wa mwisho, masomo ya jioni, na mkasi nimebaki nao. Wilfran atakuwa bado anahangaika na vitabu vya mwaka wa kwanza mimi nikiwa nimevaa joho.

Nimeamua mwenyewe, kama mtu mzima. Sikusukumwa na mtu yeyote.

Jioni hii nasikia Wilfran anataka kujifunza kupiga akordioni. Mimi mwalimu nimeshampata. Naanza Alhamisi.