Nyigu Wanne, Bahasha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa na Mkurugenzi! Saa nne kasorobo, mbele ya masjala nzima. Mtu aliye kwenye majaribio haitwi juu kwa heri. Nilifunga droo, nikaliaga jalada nililokuwa nalo mkononi, nikapanda ngazi nikihesabu: miezi mitano na wiki mbili imepita, zimebaki wiki mbili.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini imo katika trei yake ya kushoto. Niliiona kwa macho yangu. Haina saini.

Mkurugenzi ni mama mpole mno, ndiyo maana namwogopa. Aliniketisha. Akasema amepitia jalada langu na amefurahi kuona, pale penye mambo niyapendayo, nimeandika magari, hasa madogo yenye mbio. Fomu ile niliinakili kwa binamu yangu neno kwa neno, kwa kuwa mwandiko wake ulifanana na wa mtu anayepata kazi. Binamu ndiye mpenda magari. Mimi napenda utulivu.

Akaniuliza: kati ya Nyigu wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu na wa Nne, nampenda yupi?

Nilidhani ni wafalme. Nikajibu wa Pili, maana wafalme wa pili hawana vita vingi. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu anakuja baada ya wa Kwanza. Akasema hilo halina ubishi.

Kumbe Nyigu ni gari! Kigari cha milango mitatu, wa tatu ukiwa ule wa nyuma unaofunuka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, na ndani yake imeshindiliwa injini iliyokusudiwa gari kubwa. Kimetolewa mara nne, kila toleo na mabadiliko yake. Mkurugenzi alikuwa nacho ujanani. Sasa anataka kingine kabla magoti hayajamkataza. Fundi wa gereji ya nyuma ya ofisi anao wote wanne uani. Niende nikawalinganishe, niandike ukurasa mmoja, nichague mmoja.

Mmoja! Ijumaa saa nne.

Ningeweza kusema sijui kitu kuhusu magari. Nilisema nitashukuru sana.

Stapla alikuwa "akipita" mlangoni. Huyu ndiye jirani yangu wa meza. Tunamwita hivyo kwa sababu stapla yake ameifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Naye yuko kwenye majaribio, na nafasi ni moja. Kabla ya saa sita alikuwa ameshaomba kuandika ripoti yake mwenyewe. Ametangaza kwamba amezaliwa gereji. Baba yake ni mshona mapazia.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Mzuri! Kwa nini nihangaike kujua magari, ilhali naweza kumjua Mkurugenzi? Nikigundua anampenda Nyigu yupi, nitamchagua huyo huyo, na sababu nitaziokota baadaye.

Dereva wa ofisi kasema ni wa Kwanza, asilani asinidanganye mtu. Mama Mkurugenzi alijifunzia udereva ndani yake na mpaka leo akimtaja macho yanalegea. Nikaandika: wa Kwanza.

Katibu muhtasi kasema dereva anaota. Picha ya wa Tatu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la Mkurugenzi, tena kwa gundi, si kwa pini. Nikafuta, nikaandika: wa Tatu.

Mama wa chai kamsikia akisema kwenye simu kwamba wa Nne ana masikio mazuri. Nikauliza gari linapataje masikio. Akafikiri, akasema labda lilikuwa jambo la mjukuu. Nikaandika wa Nne kwa penseli.

Mlinzi wa getini akaniuliza mimi nataka asemeje. Nikasema ukweli. Akasema basi wa Pili, maana hao wengine naona umeshapewa.

Matokeo: kila mmoja kura moja. Niko palepale, ila sasa nimechoka.

Nyumbani nimemweleza dada. Kasema njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu. Shemeji hakusema kitu juu ya magari. Kasema tu kwamba kochi la sebuleni limeshashika umbo langu, na wageni wakilikalia wanaegemea upande mmoja. Kwa hiyo anaiombea sana barua yangu ya kuthibitishwa, nipate chumba changu. Aliomba kwa sauti, kabla ya kula.

Jumatano, 5 Machi

Gereji. Nimevaa viatu vya ofisi. Kosa.

Fundi ni mtu mfupi mwenye kitambaa cha mafuta begani, na anajibu swali kwa swali. Nyigu wanne wamepangwa ukutani, wamejaa vumbi, wote wana sura ya mtu aliyeamshwa. Kwangu walikuwa mapacha. Nikafanya kama tufanyavyo masjala: nikakata karatasi, nikaandika NYIGU/1 mpaka NYIGU/4, nikamwomba Fundi anionyeshe nibandike wapi.

Fundi akacheka mpaka akashika boneti.

Ikabainika hivi. Katika miaka yote hiyo, vipuri vikikosekana, amekuwa akimvua huyu akimvalisha yule. Wa mwanzo pale ukutani ana milango ya wa Kwanza, boneti ya wa Tatu, injini ya wa Pili. Anayefuata ana injini ya wa Kwanza, lakini usukani na viti ni vya wa Nne. Wa tatu sikuelewa. Wa nne, hata Fundi alianza kueleza, kisha akazunguka nyuma kuangalia kwanza.

Nikauliza basi ni yupi aliye halisi. Fundi akaniuliza mimi nina pua ya baba au ya mama. Nikasema ya mama. Akauliza: na miguu? Nikasema ya baba. Akauliza sasa ofisini wanakuandika nani?

Sikulala kazini lakini nilikuwa kama niliyelala. Jalada moja haliwezi kuwa na kurasa za majalada manne! Nimebandika karatasi zangu hata hivyo, kwa mpangilio wa ukuta. Utaratibu ni utaratibu.

Stapla hakufika gereji kabisa. Alikuwa mezani anasoma gazeti la magari, anatikisa kichwa kama mzee wa kanisa. Nilipopita na grisi kwenye soksi akasema pole, mwenzangu, wengine tunayo damuni.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimepandishwa wote wanne, Fundi akiendesha, mimi nikiandika. Ripoti lazima iwe na ushahidi. Sasa nanakili ushahidi wenyewe kutoka kwenye daftari:

"NYIGU/1: Anaruka. Anashuka. Anaruka. Harufu ya petroli na ya koti la babu. Fundi anaimba.

NYIGU/2: Kona imekuja kabla sijamaliza kuandika ko

NYIGU/3: (haisomeki, nadhani nilikuwa nimefumba macho)

NYIGU/4: Mama yangu."

Hakuna kinachosaidia. Kilichonitisha zaidi ni kwamba katika NYIGU/1, kwenye mteremko wa nyuma ya ghala, injini iliponguruma na mwili mzima wa kile kigari ukajikunja kama mtoto anayetaka kukimbia, nilicheka. Mimi! Kwa sauti. Nikajirudi upesi.

Nilipomuuliza Fundi yupi bora, akaniuliza bora kwa nani.

Mchana nikapata mpango wa kweli. Nitaandika ripoti nne! Kila moja inamsifu Nyigu wake na kuwaponda wengine. Kesho nitaingia na zote nne, kila moja katika mfuko wake, nitamsoma Mkurugenzi usoni, kisha nitatoa ile inayotakiwa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kuhusu anayeshika nne hawakusema chochote.

Nimeandika kwa bidii tangu saa saba. Wa Kwanza: "mwepesi kama wazo, waliofuata ni unene tu." Wa Pili: "ndiye aliyekomaa bila kuzeeka, wa Kwanza ni kopo." Wa Tatu: "mwenye busara wa ukoo, wa Pili hana breki za kutaja." Wa Nne: "hatimaye mtu anaweza kusikia mawazo yake, hao wengine ni kelele." Zote zinaanza na maneno "Bila shaka yoyote." Zote nimetia saini.

Bahasha nne safi. Nikaenda kunywa maji kwa fahari.

Nimerudi: meza tupu.

Kwa mazoea ya masjala, mwili ulikuwa umefanya kazi bila mimi. Angalia rejesta: zile bahasha nimeziingiza zote, kwa namba zinazofuatana, nikazigonga muhuri, nikaziweka kwenye trei ya ZA KUPELEKA JUU. Na tarishi, ambaye tangu nije hapa hajawahi kuchukua kitu kabla ya siku tatu, amepita!

Nilimkimbilia kwenye ngazi. Alikuwa anashuka, mikono mitupu, anapiga mluzi. Kasema leo kaamua kubadilika.

Ijumaa, 7 Machi

Sikunywa chai. Nimefungasha kalamu zangu na kikombe, isiwe kufukuzwa kukanichelewesha.

Saa nne tumeitwa wote wawili. Stapla kaanza, kifua mbele. Kachagua wa Nne, akataja namba nyingi, akasema akimgusa tu usukani anamjua. Mkurugenzi akamuuliza kwa upole: Nyigu wa Nne pale kwa Fundi ana injini ya nani? Stapla akasema yake mwenyewe, Mama. Mkurugenzi akaandika kitu. Akamshukuru, akamwambia majaribio yake yataongezwa miezi mitatu, na kwamba gereji iko hatua hamsini kutoka mlango wa nyuma, si dhambi kufika.

Stapla akatoka. Nikabaki mimi na bahasha zangu nne, zimefunguliwa, zimepangwa mezani kama karata.

Akasoma. Kwa sauti. Zote! Bila shaka yoyote ya kwanza, bila shaka yoyote ya pili. Kwenye "kopo" alivua miwani. Kwenye "hana breki za kutaja" mabega yalianza kutikisika. Nilidhani analia. Nikaomba radhi kwa niaba ya familia yangu.

Alikuwa anacheka. Alipopata pumzi akaniuliza nilikuwa na nia gani. Nikamwambia yote: fomu ya binamu, wafalme, kura nne za ofisini, mifuko minne. Yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Hata kile kicheko cha mteremkoni nilikitaja, sijui kwa nini.

Akauliza kilikuwa katika Nyigu yupi. Nikasema yule wa mwanzo ukutani, mwenye milango ya wa Kwanza, boneti ya wa Tatu, injini ya wa Pili; kwa hiyo sijui wa ngapi.

Akasema hata yeye tangu Nyigu wa Pili alipotoka hajaweza kuchagua. Kila aliyemuuliza alimpa jibu alilodhani analitaka. Basi atamchukua huyo huyo chotara. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayemwekea mtoto kijiko mkononi: kijana wangu, Jumatatu ile ungesema tu "sijui, Mama", barua yako ingeshuka siku hiyohiyo. Hapa nina watu wengi wanaojua. Nahitaji mmoja wa kusema hajui.

Nikaapa. Nimejifunza! Nimeliandika kwenye karatasi, "SIJUI", nikaipiga muhuri, iko mfukoni.

Akavuta barua kutoka kwenye trei ya kushoto. Akatia saini mbele yangu! Tarehe akaiacha wazi. Ataijaza Jumatatu asubuhi, gari likishafika uani pa ofisi, ndipo ahesabu kwamba kazi ya Nyigu imekwisha.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango aliponiita. Akauliza ninajua kuendesha? Niseme tu ukweli, si kitu, dereva yupo, atakwenda yeye kulichukua.

Mkono ulikuwa mfukoni, umeishika ile karatasi. Neno lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu.

Nikasema: tangu utotoni, Mama.

Jumapili, 9 Machi

Dada hasemi nami. Shemeji kaanza kupima pale penye kochi, anataka kuweka kabati.

Nisiwe na wasiwasi. Kutoka gereji mpaka uani ni hatua hamsini na kona moja. Mtu aliyesoma hashindwi na hatua hamsini. Binamu kanieleza kila kitu kwa simu, haraka kidogo, na nimechora jedwali zuri kwa rula.

Nimelipitia mara nne. Klachi, breki, mafuta: pedali tatu. Miguu: miwili.

Kuna kosa mahali fulani. Sitamuuliza mtu; watadhani sijui. Nitakwenda na zote tatu kesho, nitamsoma Nyigu usoni, kisha nitakanyaga ile inayotakiwa.