Nilichokifanya na Birika la Mama Huruma

Leo nimejiaibisha mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Kawaida mambo kama haya nayaandika kwenye daftari langu nalifunika. Lakini kwa kuwa kwaya mbili nzima zimeona kwa macho, na moja imesharudi Tunduma na habari mdomoni, bora mnisikie mimi kwanza. Nitajitahidi kumtendea haki kila mtu, hata Yona. (Hasa Yona. Hapo ndipo penye kazi.)

Kwa wasionijua: naitwa Elia, nalima mahindi na kahawa kidogo hapa Hasamba, naimba sauti ya tatu kwenye kwaya yetu. Miaka sita mimi ndiye mwanzishaji, yule anayesogea mbele hatua moja akaimba ubeti peke yake kabla wenzake hawajaitikia. Sina kipaji kingine. Shule niliishia la saba, mpira sijui, kuongea mbele za watu natetemeka. Ila nikianzisha wimbo, nimewahi kusikia kina mama wakisema "huyo". Hilo tu, "huyo". Linanitosha mwaka mzima.

Shida yangu ni mahindi. Yakishabelea, yale maua ya juu yakaanza kumwaga unga wa njano, mimi nimekwisha. Pua inaziba, macho yanawasha kama yamepakwa pilipili, chafya zinakuja kumi na mbili kwa mpigo. Daktari wa zahanati alisema ni aleji ya chavua, yaani huo unga. Mkulima wa mahindi mwenye aleji ya mahindi. (Chekeni sasa mmalize mapema, yako mengine mbele.)

Nimejaribu vitu vingi. Nimejifukiza majani ya mkaratusi mpaka nikaungua paji la uso. Nimepaka mafuta ya mgando puani; yanasaidia kidogo, ila vumbi linanasa hapo unaonekana kama umekula udongo. Nimemeza vile vidonge vya njano. Vinazuia chafya, sivisingizii, lakini vinalaza. Mwaka jana nilimeza viwili kabla ya ibada nikasinzia nimesimama, katikati ya wimbo, mdomo wazi.

Sasa Yona. Yona ni jirani yangu, shamba lake na langu yanatenganishwa na mfereji. Na yeye alikuwa na ugonjwa huuhuu. Miaka yote msimu ukifika tulikaa wawili mwisho wa benchi, karibu na mlango, tukipokezana chafya kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Yeye akipiga, mimi namwambia "pole". Mimi nikipiga, yeye ananiambia "pole". Niseme ukweli, ulikuwa urafiki mzuri.

Mwaka huu Yona ni mkavu. Mahindi yamebelea kila upande, yeye anapita katikati akipiga mluzi. Anavuta hewa mpaka kifuani. Juzi nilimwona amesimama mferejini ananusa tu, kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu wakikaanga vitunguu.

Halafu Jumamosi, kwenye mazoezi, mwalimu wa kwaya akaniita pembeni.

"Elia, kesho kuna ugeni wa Tunduma. Nimeona Yona aanzishe. Wewe pumzisha pua."

Nikasema sawa mwalimu. Nikarudi nyumbani nikaipiga teke ndoo. (Ndoo haikuwa na kosa. Nimeirudisha mahali pake.)

Mjue wivu wangu haukuwa wa sauti. Yona anaimba vizuri, labda vizuri kuliko mimi, sina hakika na sitaki kupima. Sauti yake ningeweza kuisamehe. Nilichoshindwa kusamehe ni pua.

Mtu atauliza, si ungemwuliza tu anatumia nini. Haki isemwe: tangu mahindi yakiwa magotini alianza kuniambia mwenyewe. Alisema, "Kaka, kuna kitu nesi mmoja kanifundisha kule Vwawa." Nikamkata palepale. Nikamwambia mimi naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Kisha nikapiga chafya. Hakurudia tena, na mimi nikajipa moyo kwamba ananificha.

Basi leo. Mvua ilinyesha alfajiri, jua likatoka kali. Siku ya namna hiyo mahindi yanafurahi, na mahindi yetu yamefika mpaka madirisha ya kanisa. Wageni wa Tunduma wakashuka na sare zao za zambarau, wamepiga pasi hata soksi. Mimi nilishapiga chafya ishirini kabla hawajamaliza kusalimia. Dada mmoja wa kwao alinipa mkono, akauangalia mkono wake, akaupangusa polepole kwenye sketi. Sikumlaumu.

Nikazunguka nyuma ya jiko la kanisa nipenge kamasi kwa siri. Hapo ndipo nilipomwona Yona.

Alikuwa ameinama, kichwa kimelala upande kama kuku anayesikiliza. Mkononi ana birika dogo la bati. Mdomo wa birika uko ndani ya tundu moja la pua. Na maji, ndugu zangu, yanatokea tundu la pili. Yanatiririka taratibu, mtu mwenyewe katulia tuli. Alipomaliza upande mmoja akageuza wa pili. Akapenga, akavuta hewa, akatabasamu peke yake. Lile tabasamu liliniuma kuliko chafya zote.

Akaliweka birika dirishani mwa jiko akaondoka.

Nikawaza, kumbe. Ndiyo hiyo dawa. Maji yake yapo pale na solo iko baada ya nusu saa. Nikijisafisha sasa hivi, namwendea mwalimu nikiwa mkavu, namwambia "mwalimu, nusa hewa na mimi", labda anirudishie nafasi yangu. Nilijua kuchukua bila kuomba si vizuri. Nilijiambia nitamwomba baadaye. (Kwenye daftari langu sentensi hiyo imo mara nyingi.)

Kabla sijafika dirishani chafya zikanishika. Nikafunika uso kwa koti, nikainama, nikapiga mpaka nikaona nyota. Yawezekana zilichukua dakika mbili. Nilipoinua kichwa birika lilikuwepo palepale dirishani, la bati, dogo, mkono mweusi. Nikaligusa, lina uvuguvugu. Nikasema hata nesi wa Vwawa angekubali.

Nikalaza kichwa kama kuku. Nikaingiza mdomo wa birika. Nikainua.

Sijui niwaelezeje. Mnakumbuka utotoni ukicheka huku unakunywa chai, ikapandia puani? Sasa ile chai iwe imetiwa tangawizi mbichi ya kutwangwa, limao na pilipili manga. Na isiwe tone, iwe nusu kikombe. Moto ulipanda puani ukapita nyuma ya macho ukatokea masikioni. Nilitaka kupiga kelele lakini wageni walikuwa upande wa pili wa ukuta wakifanya mazoezi ya sauti. Nikang'ata kola. Halafu ikaja chafya moja kubwa kuliko zote nilizowahi kupiga, na mfuniko ulishafunguka, na uso wangu ulikuwa juu ya birika.

Imeingia yote mle. Nimeahidi kusema haki.

Nikalirudisha dirishani nikakimbilia bombani kuosha uso. Na ni hapo bombani ndipo akili iliporudi. Tangawizi na limao ni kinywaji cha Mama Huruma. Mama Huruma ndiye mkubwa wa sauti ya pili, anatulea wote kwenye kwaya, na kila tukiwa na ugeni anamchemshia mwanzishaji birika dogo la tangawizi alainishe koo. Miaka sita nimelinywa mimi. Baadaye nilikuja kujua kwamba nilipokuwa nimejifunika koti, Yona alirudi akachukua birika lake, na Mama Huruma akaweka la kwake palepale limalizie kupoa.

Nikarudi mbio. Dirishani hapakuwa na kitu.

Nikakimbilia kanisani. Ndani, kwaya zote mbili zilikuwa zimesimama tayari. Mama Huruma kashika birika, anammiminia Yona kikombe. "Kunywa, mwanangu, utuheshimishe." Yona akapokea kwa mikono miwili.

Nitaandika hapa kitu ambacho ningeweza kukiacha. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa kumwonea huruma. Lilikuwa: acha anywe. Hatakufa. Hakuna atakayejua. Ana pua, ana solo, basi na hiki nacho achukue. Niliwaza hivyo muda wa kutosha yeye kukiinua kikombe mpaka kidevuni.

Kisha nikasikia sauti yangu: "Yona, usinywe!"

Ilitoka vizuri mno, kwa sauti ya kuanzishia. Kanisa zima likanigeukia. Na ni mbele ya macho yale ndipo nilipoelewa nimesema nini. Kila mtu wa kwaya yetu anajua nimenyang'anywa nafasi. Kila mtu aliniona nikiingia mbio kutoka nyuma ya jiko, uso umeloa, macho mekundu. Na sasa namkataza mwenzangu asinywe kilichomo kikombeni.

Yona akakiweka kikombe chini, polepole sana.

Mama Huruma akanitazama. "Elia. Mle ndani kuna nini?"

"Hamna kitu, mama."

"Kama hamna kitu, kwa nini asinywe?"

"Hamna kitu kibaya."

"Kizuri ni kipi?"

Nikaangalia chini. "Kuna... kuna mimi kidogo."

Mwalimu wa kwaya akavua miwani. Wale wa Tunduma wakasogea. Mama mmoja wa kwao akamvuta mwenzake nyuma kwa mkono.

"Sikiliza mwanangu," Mama Huruma akasema, na sauti ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonitisha. "Kwetu tunakaribisha kinywaji kwa kuonja kwanza. Mimi nilionja hiki jikoni nikiwa nakitoa. Kama kimeongezwa kitu baada yangu, aliyeongeza naye aonje."

Akanipa kikombe cha Yona.

Ndugu zangu, mnajua uzito wa kikombe hicho. Nikikataa, mimi ni mtu aliyemtilia jirani sumu kwa ajili ya wimbo, na hata wajukuu zangu wataulizwa. Nikinywa, nakunywa mafua yangu mwenyewe mbele ya sare za zambarau. Nikanywa. Chote. Na nilipofika chini nikakuta kwamba si chote, Mama Huruma kaongeza.

Nilipomaliza cha pili nikaeleza. Birika, pua, dirisha, koti, chafya, mfuniko. Nilieleza kwa utaratibu, na ndiyo lilikuwa kosa, kwa sababu nilipofika kwenye mfuniko mwalimu wa kwaya alikuwa ameshakaa chini. Baba mmoja wa Tunduma, mwenye duka karibu na mpaka, anayemwita kila mwanaume mulamu kama Wazambia wanavyomwita shemeji, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mulamu, samahani. Na masikio huwa unayanywesha nini?"

Hapo kanisa likavunjika mbavu. Walicheka mpaka mpiga kinanda akaegemea kinanda kikalia chenyewe.

Mtu mmoja tu hakucheka, Yona. Ningependa kusema alicheka, ingenirahisishia. Alinishika mkono akanitoa nje mpaka nyuma ya jiko, akafungua mfuko wake akatoa birika lile lingine.

"Kaka, ungeuliza tu."

"Najua."

"Maji unayachemsha kwanza, unayaacha yapoe. Chumvi kidogo. Siyo maji ya bomba hivihivi, na siyo tangawizi."

"Tangawizi nimeshaelewa."

Akaliosha lile birika kwa maji ya moto ya jikoni, akatia mengine yaliyochemshwa kutoka kwenye chupa yake. Akanishika kichwa, akakilaza upande, kama anavyomfanyia mtoto wake. Maji yakaingia huku yakatokea kule, na pamoja nayo ikatoka tangawizi, na nadhani msimu mzima wa mahindi. Nikavuta hewa. Ikapita. Nilisikia harufu ya udongo uliolowa. Nilikuwa nimesahau kama huwa unanukia.

Nikamwuliza, "Mbona hukunisisitiza ile siku?"

"Ulisema unaendelea vizuri."

Nikapenga tena, kwa nguvu.

Wimbo ukaimbwa. Mwalimu hakunirudishia solo, na kwa kweli sikustahili, na sijui kama ningeomba. Yona akasogea mbele hatua moja akaanzisha. Mimi nikiwa nyuma, mkavu kabisa, sina chafya hata ya kusingizia. Alipofika mstari wa pili kina mama wa Tunduma wakaguna kwa utamu, na mmoja akasema, nilimsikia vizuri sana kwa kuwa hata masikio yalishazibuka:

"Huyo."

Machozi yakanitoka. Mama Huruma akaniona, moyo wake mzuri ukamponza, akanipenyezea leso akaninong'oneza, "Pole mwanangu, haya mahindi haya."

Nikaipokea. Nikajifuta. Sikumsahihisha.

Hilo tu ndilo ambalo sikukiri leo, basi nakiri hapa: mahindi hayakuhusika. Na mkikutana na mimi wiki hii chekeni mkishanipita mbali, pua imezibuka na nasikia kila kitu.