Kanuni ya Tisa ya Kulinda Marapa

Ilitangazwa rasmi mjini Lodwar, Februari 2012, mbele ya wafanyakazi watatu na mbuzi mmoja aliyeingia kutafuta kivuli, kwamba Kakuma imekaukiwa na marapa. Kakuma hiyohiyo! Kakuma iliyokuwa ikitoa rapa mpya kila wiki, mpaka vijana wa Nairobi wakisikia mtu katoka huko wanaficha maikrofoni. Sasa mwaka mzima ulikuwa umepita bila hata mmoja.

Bwana Wainaina, Afisa wa Ustawi wa Mistari na Midundo, aliumia sana. Barua yake ya uhamisho kwenda Nyahururu ilikuwa imeshachapwa, lakini haingetolewa mpaka asajili japo rapa mmoja mpya. Na Nyahururu ndiko walikokuwa mkewe, mvua na viazi. Alivipenda vyote kwa mpangilio huo, ingawa siku za joto mvua ilitangulia.

Kosa hakuliona. Kanuni aliziandika mwenyewe, na zilikuwa nzuri. Ya Pili ilipiga marufuku kugonga mitungi kwenye foleni za maji, ambako vijana wa Kakuma walirap tangu zamani wakingoja bomba lifunguliwe. Kelele ile haikuwa na kibali. Ya Tano ilimtaka rapa mpya awe na mashahidi watatu waliomsikia kwa miaka mitano. Ya Tisa, aliyoionea fahari kuliko zote, ilisema kipaji kipya kisitoke nje ya eneo kwa miaka mitano, kisije kikaibwa na Nairobi.

"Fomu ngapi zimerudi?" alimuuliza karani wake, Namuria.

"Hakuna, mzee. Zile mia mbili tulipeleka Kakuma, watu wanafungia samaki ya Kalokol."

"Basi zinatumika. Andika: mwitikio ni mzuri."

Mwezi wa Juni mkubwa wake, Bi. Jeptoo, akafika kutoka Nairobi na ile barua mkobani. Wakaenda Kakuma watatu, Namuria akiwemo, moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji, maana ndiko watu walikokuwa. Wainaina akapanga meza, kalamu na muhuri.

"Ejok!" akasalimu. "Nani rapa mpya?"

Nyaluak, msichana aliyekuwa moto kwa mistari kabla ya kanuni, akajibu akiwa mbele ya foleni.

"Mdosi, si ulisema tusigonge mtungi? Sasa rapa mpya atatoka wapi, kwa fomu?"

Bi. Jeptoo akatazama saa. Wainaina akaiona Nyahururu ikimponyoka. Machozi yalimlenga, hasira zikampanda, naye akapanda juu ya meza:

"Miaka sita niko hapa, jua lanipiga ngumi!
Chai ninayokunywa hapa, nusu maji, nusu vumbi!
Fomu mnafungia samaki, mnanitia hasara!
Kwetu mvua inanyesha, huku mbuzi wanaziba barabara!"

Mtu akagonga mtungi. Wa pili akaitikia. Wainaina alitaka kuwakumbusha Kanuni ya Pili, lakini mdomo ulishashika kasi, akaendelea kurap habari za mkewe, mbu na bei ya viazi. Foleni nzima ikarukaruka.

"Kali!" Nyaluak akapiga kelele. "Huyu ni mpya, na ni wetu!"

Bi. Jeptoo akajaza fomu, akagonga muhuri. "Hongera. Lengo limetimia."

"Mimi?" Wainaina akashtuka. "Haiwezekani! Sina mashahidi wa miaka mitano!"

"Mzee," Namuria akasema kwa heshima, "mimi nimekusikia ukilia hivyo miaka sita." Mikono ya foleni yote ikainuka kuunga mkono.

"Basi sawa. Na barua yangu, madam?"

Bi. Jeptoo akaisoma Kanuni ya Tisa taratibu, mara mbili. Kisha akaifunga barua mkobani. "Tutaonana 2017, Bwana Wainaina. Nani aliandika hii? Ni kazi safi sana."

Gari lilipoondoka na Bi. Jeptoo, koo la Wainaina lilikuwa limekauka kabisa. Akachukua kikombe, akaenda bombani kama afisa anavyoenda, moja kwa moja hadi mbele. Nyaluak akaweka mtungi wake katikati ya njia.

"Mdosi, panga laini. Marapa wapya wanaanzia nyuma."