Ng'ombe wa Kupimwa Tu

Jamani, leo aibu imenikuta nyumbani kwetu, mchana kweupe, mbele ya ng'ombe.

Mnajua ninavyohangaikia mashindano ya vijana kuhusu mifugo. Si ya kujibu maswali kwenye karatasi. Ya kushika! Unafungua kinywa cha ng'ombe, unasoma meno, unataja umri. Unazungusha utepe kifuani, unakadiria uzito. Unanusa sileji, yale majani ya kuvundikwa, unasema kama yameharibika. Nilitaka leo yafane, ili mwakani yaenee Busia yote na Tororo yote. (Ndoto zangu hazina breki.)

Uwanja wa shule hapa karibu na Masafu umegeuka matope. Nikasema basi, tufanyie kwetu, ua wa baba ni mpana. Baba akakubali bila kuuliza swali hata moja. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Asubuhi lori likaingia na ng'ombe kutoka Iyolwa. Akashuka Daktari Owori, daktari wa mifugo, ndiye aliyetuazima ng'ombe hao. Nyuma yake vijana wa Iyolwa, mashati meupe, suruali zimenyooshwa, maana niliwaambia kutakuwa na picha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Owori akakunja mikono ya shati. Mimi nikashika kamba ya ng'ombe, nikazama. Mwili ulibaki pale. Roho ilikuwa imeshajenga nyumba Iyolwa, ina zizi, ina mtindi, na mtu fulani anarudi jioni ananukia dawa ya kupe. (Kila mtu na marashi yake.)

Nikasikia sauti ya shangazi Nekesa, kwa mbali, kama inatoka ndani ya mtungi.

"Nabwire, hii wageni unawajua?"

"Nawajua, shangazi. Mimi ndiye nimewaita."

"Sisi tuwapokee?"

"Wapokeeni. Nimewangoja sana."

Vigelegele!

Nikazinduka. Majirani wamejaa uani. Baba amevaa koti. Jikoni moshi unafuka, na jogoo wetu haonekani. Jamani, hayo ndiyo maswali shangazi humuuliza binti siku ya kuposwa, mbele ya watu wote, na mimi nimeyajibu sawasawa!

Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja aliyekuwa amekaribia kuingiza kichwa kinywani mwa ng'ombe akapaza sauti: "Meno imeisha! Hii iko mzee kabisa!"

Shangazi akashika kiuno. "Munaletea mtoto yetu ng'ombe mzee?"

"Mama, hiyo ni ya kupima tu," Owori akajibu kwa upole. (Maskini, hajui lolote.) "Jioni narudi nayo."

"Unarudi nayo? Umekunywa chai yetu, halafu unarudi nayo?"

Nikaona nimwokoe. Nikapiga kelele, tena kwa sauti ile ya kuita timu kutoka mwisho wa uwanja: "Shangazi, mwache! Huyu hata hajui kama nampenda!"

Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na koti la baba.

Owori akakohoa, akautazama utepe wake. "Haya, tuendelee na malisho," akawaambia vijana. Wakaendelea. Mashindano yalifana sana, lakini nani ananiuliza hayo?

Jioni ng'ombe wakapandishwa lori. Shangazi akawasindikiza hadi barabarani akilia kama yuko msibani. Owori akainama dirishani, hakunitazama vizuri, akasema taratibu: "Nabwire, siku yenyewe ikifika, ile ng'ombe mzee mimi siwezi kuileta." Lori likaondoka. Nilisimama pale mpaka mlio wa injini ukapotea upande wa Iyolwa, na sijui bado kama alikuwa ananitania.

Sasa hivi majirani wanaingia mmoja mmoja kunipa pole ya mahari kurudishwa. Wewe unayetaka kuandaa mashindano ya mifugo nyumbani kwenu, na hujaolewa, nisikilize: anza na kuku.