Mbinu Nne za Kumrudisha Mke

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya pili bila mke. Amehamia kwa kaka yake, fundi cherehani, pamoja na mama yao. Sababu: jana mchana nilifungulia albamu ya roki kwa sauti ya juu, nikasahau kwamba mama mkwe amelala chumba cha pili, siku tatu tu tangu apasuliwe jicho. Aliamka akipapasa ukuta, akidhani nyumba inaanguka.

Wa kulaumiwa ni mhakiki wa muziki wa gazeti letu. Kazi yangu gazetini ni kusahihisha makosa ya chapa, basi uhakiki wake wa albamu hiyo niliusoma mara tatu kwa ajili ya nukta na mikato. Baada ya mara ya tatu nikaenda kuinunua. Mimi, ambaye roki huniumiza kichwa! Nyimbo zote tisa ni kelele za mabati. Sasa, mtu aliyeweza kuniuzia kelele anajua kitu. Nitaufungua uhakiki huo kama redio mbovu nione kilichomo ndani, kisha nimwandikie mke wangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeusoma kwa kalamu nyekundu. Mbinu ya kwanza: anakiri kwamba wimbo wa tatu ni dhaifu. Ukishamwona mkweli hapo, unamwamini kwa zile nane. Ya pili: albamu hii haieleweki kwa kuisikiliza mara moja. Yaani usipoipenda, kosa ni lako. Ya tatu: wenye masikio mapevu wataielewa. Nani anataka kuitwa mwenye masikio mabichi? Ya nne: jirani yake mzee aliisikia akatokwa na machozi. Huyo jirani simwamini, lakini nilimhurumia.

Nimekaa nikifikiri. Pengine hakusema uongo popote. Ila hakuna mahali aliposema muziki wenyewe unasikikaje. Jambo hilo limenisumbua kidogo, kisha nikaendelea.

Jumatano, 5 Juni

Barua tayari, kurasa mbili. Nimekiri kwamba mimi huacha taulo lililolowa kitandani. Nimesema mume kama mimi haeleweki haraka. Nimesema mwanamke mwenye moyo mpevu hurudi. Nimeongeza jirani aliyelia alipoona kamba yetu ya kuanikia haina nguo. (Jirani yupo. Kulia, sijui.)

Shemeji kaipokea kwa ncha za vidole, pini mdomoni. Akasema ataifikisha, ila yeye asitiwe kwenye mambo yetu.

Ijumaa, 7 Juni

Barua imerudi. Nilisahau kwamba mke wangu anafundisha insha. Kila mbinu ameipigia mstari na kuipa jina pembeni, tena majina mazuri kuliko yangu. Kuhusu kutoeleweka haraka, ameandika kwamba amenisikiliza miaka kumi na miwili. Chini kabisa: umekiri taulo, mama hukumtaja hata mara moja. Alama nne kati ya ishirini.

Nilikaa na sentensi hiyo hadi chai ikapoa. Ni kweli. Nilikiri dogo ili kubwa lisionekane, na sikujua kwamba ninafanya hivyo. Nimeona haya. Naogopa hatarudi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda bila karatasi. Mama mkwe alikuwa amekaa katikati ya vitambaa, bandeji jichoni. Hotuba yote ikayeyuka. Nikapiga magoti nikasema: mama, nilikukosea, nisamehe. Machozi yakanitoka bila ruhusa.

Akasema alinisamehe tangu Jumapili, kinachomuuma ni mgongo, maana godoro la mwanawe ni gumu. Mke wangu akavuta sanduku lake. Kisha akaanza kukunja nguo. Saa kumi tulikuwa nyumbani, wote watatu.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba ina watu. Nina furaha. Nimetafakari sana ya jana na nimeona yalivyofanya kazi. Mbinu ya tano, kubwa kuliko zote, mhakiki haijui: maneno matatu, magoti, machozi. Kesho naitumia kwa mke, anikubalie kurudisha sebuleni spika alizoziondoa jana.

Machozi ndiyo magumu. Tangu asubuhi najizoeza bafuni mbele ya kioo. Mama mkwe, akipita ukumbini na kunisikia, amesema kwa upole kwamba lolote nililofanya tena, amenisamehe.

Inafanya kazi hata mlango ukiwa umefungwa.